Kivuli Kilichokataa Kupanda Ukuta

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa walio macho na wanaosinzia, kwa kila mwenye kivuli na kwa wale ambao vyao bado viko kwetu vinasubiri kushonwa, kwamba katika sura hii mtashuhudia Pendo Kuu, Pendo Lisilo na Mfano, Pendo ambalo likipita milima huvua kofia. Simameni. Nyoosheni migongo. Futeni pua.

Haya, kaeni. Dada yangu amepita nyuma yangu akasoma mistari hiyo, na amesema nikiivua milima kofia tena atanichoma sindano. Basi nitasema kwa kifupi: dada yangu alimpenda fundi wa taa, na nyumba nzima ikakataa.

Sisi ni washonaji wa vivuli. Msicheke, mtakuja kucheka siku chenu kikichanika. Kivuli huchanika kama nguo yoyote: kwenye msumari, kwenye waya wa uzio, kwenye mlango wa basi unaofungwa kabla mtu hajaingia mzima. Mwenyewe hagundui mpaka aone watoto wanamnyooshea kidole, kwa kuwa kivuli chake kinamfuata nyuma kikichechemea. Ndipo anatuletea. Baba hukata, Dada hushona, Shangazi hupokea wateja na kuwagombeza, na mimi, nikiwa likizo kutoka shule ya bweni, hupaka uzi nta na kutazamwa kwa mashaka.

Mashaka hayo si ya haki. Ni kweli kwamba likizo iliyopita mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliondoka dukani kwetu na kivuli cha mbuzi. Lakini alipokuja kukirudisha alisema mwenyewe kwamba kilikuwa kinamchangamsha.

Sasa huyo fundi wa taa. Kazi yake ni kupanda ngazi na kufunga taa za barabarani, na kwa Shangazi hilo lilikuwa sawa na paka kuja kuposa kwa panya.

"Taa moja huleta kivuli," Shangazi alikuwa akisema, akigonga meza kwa kastabini yake ya kidoleni. "Taa kumi hukiua. Hao watu wakimaliza kuuwasha mji huu, sisi tutashona nini? Mapazia?"

Lakini Fundi Taa alikuja, tena akaja kama mteja, na mteja hafukuzwi. Mara ya kwanza kivuli chake kilikuwa kimechanika begani, kweli kabisa, mpasuko wa ovyo wenye nyuzi nyuzi. Dada alikishona. Siku tatu baadaye akarudi.

"Safari hii kimechanika wapi?" Dada akamuuliza.

"Kwenye ngazi."

"Mpasuko huu umenyooka kama wa mkasi."

"Ngazi yetu ni kali sana."

Dada akainamisha kichwa, akashona polepole. Mshono wa dakika kumi ukachukua saa nzima. Katika mwezi mmoja kivuli cha yule bwana kilichanika mara tisa, na kila mara ngazi ndiyo iliyolaumiwa. Mara ya kumi alisahau kabisa kukichana. Alisimama tu mlangoni na kivuli kizima, mikono haijui pa kukaa, na Dada akasema, "Kilete, nikiangalie tu." Akakiangalia mpaka tukafunga duka.

Nyumba yetu ina desturi yake. Hatutumi barua wala hatuulizi ukoo. Wachumba husimama uani saa kumi alasiri, hatua saba kutoka kwenye ukuta mweupe, jua likiwa mgongoni. Vivuli vyao hurefuka, hutambaa sakafuni, hupanda ukuta. Vikishikana mikono, posa imepita. Kimoja kikirudi nyuma, posa imekufa, na chai inanywewa na wenye nyumba peke yao. Bibi alikubaliwa pale. Mama, kabla hajafariki, alikubaliwa pale. Baba anasema kivuli chake kilimkimbilia Mama kikamwacha yeye nyuma amesimama kama mlingoti.

Shangazi aliridhia Fundi Taa asimame ukutani kwa kuwa alikuwa na hakika atashindwa. Dada aliridhia kwa kuwa alikuwa na hakika atashinda. Wote wawili walilala usingizi mzuri.

Saa kumi kasorobo mlango ukagongwa. Fundi Taa aliingia peke yake, ngazi begani, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Na usiniite shangazi, hatujafika huko. Hiyo ngazi ya nini?"

"Nimetokea kazini."

"Na wazee wako wako wapi?"

"Wamekataa kuja."

"Kwa nini?"

Akaihamishia ngazi bega la pili. "Wamesema hawampeleki kijana wao kwa watu wanaoshona giza."

Baba akacheka. Alikuwa na pini sita mdomoni, kama kawaida yake, kwa hiyo kicheko kilitokea puani. Baba hawezi kusema na pini mdomoni, na ndiyo sababu haziondoi. Anaishi na dada yake.

"Wamekataa," Shangazi akasema taratibu, "na wewe ukaja."

"Na mimi nikaja."

Hapo Dada akatoka chumbani. Alikuwa amekatazwa kumwona tangu asubuhi. Nilitegemea angalau ajishaue kidogo, aangushe kitambaa, afanye yale mambo wanayofanya wapenzi vitabuni. Alikuja vilevile alivyo, na vipande vya uzi mweusi kwenye nywele, na alipomwona akasimama ghafla kama mtu aliyesahau alichofuata. Fundi Taa naye akaitua ngazi bila kuiangalia. Ikamwangukia kidole cha mguu. Akaendelea kumtazama Dada.

"Habari ya kazi?" Dada akasema.

"Njema. Habari ya sindano?"

"Inachoma."

Hayo, ndugu wasomaji, ndiyo yaliyokuwa mashairi yao. Lakini mtu angewasha taa zote za mji kwa jinsi walivyotazamana, na Shangazi akakohoa mara tatu, ya tatu ikiwa na hasira.

Fundi Taa akanigeukia. "Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," nikajibu, nikitazama ndoo ya maji iliyokuwa uani.

Wakasimama hatua saba. Jua lilikuwa limeinama vizuri. Kivuli cha Dada kikaanza safari, chembamba, kimetulia, kikavuka sakafu, kikaufikia ukuta, kikaupanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Kikanyoosha mkono wa kulia, kikangoja.

Cha Fundi Taa kikaanza nacho. Kikatambaa hatua moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne kikapunguza mwendo. Kwenye ya tano kikatetemeka mwili mzima. Halafu, mbele ya macho ya watu wote, kikaruka nyuma na kujikunja miguuni pake kama mtoto wa mbwa aliyekanyagwa mkia.

Mkono wa kivuli cha Dada ukabaki umenyooshwa ukutani, peke yake.

"Kimekataa," Shangazi akasema. Nadhani hata yeye hakuifurahia sauti yake, maana aliongeza haraka, "Ndiyo hivyo. Si mimi, ni ukuta. Kiroboto, lete chai. Vikombe vinne."

Kiroboto ni mimi. Jina hilo nilipewa na Dada, nami nimelikubali kwa unyenyekevu.

"Vitano," Dada akasema.

"Vinne. Posa imekufa."

"Kiroboto, lete vikombe vitano."

Nikaenda, nikaleta vitano. Si kwa ujasiri. Sauti ya Dada ilikuwa ile anayoitumia kukata uzi kwa meno.

"Ukuta umesema," Shangazi akasema.

"Ukuta haujasema kitu, Shangazi. Ukuta ni chokaa."

"Chokaa hiyo ndiyo iliyomkubali mama yako!"

"Aliyemkubali Mama ni Baba. Ukuta ulikuwepo tu."

"Wewe! Kaka, msikie mwanao!"

"Mmh," Baba akasema, kwa pini sita.

Dada akasogea katikati ya ua. Kidevu kilikuwa juu. "Nimeshona vivuli tangu nina miaka kumi. Nimeshona cha hakimu na nimeshona cha mwizi aliyehukumiwa naye, siku moja, kwenye meza moja, na vilitumia uzi uleule. Kivuli hakina moyo, Shangazi. Kina pindo. Mwenye moyo ni huyu aliyesimama hapa. Kivuli chake kimerudi nyuma, yeye je? Amerudi?"

Wote tukamtazama Fundi Taa. Hakuwa amerudi hata unyayo. Alikuwa palepale alipowekwa, uso umempauka, ila kisigino cha kulia alikuwa amekiinua kidogo kutoka chini.

"Unaumwa?" Dada akamuuliza, na sauti ikabadilika kabisa.

"Kidogo."

"Wapi?"

"Kisigino. Tangu saa tisa kinanivuta."

Dada akapiga magoti mbele yake, akakishika kisigino kwa mikono miwili.

"Haya! Haya!" Shangazi akapiga kelele. "Unampigia mwanamume magoti mbele ya baba yako!"

"Naupigia magoti mshono, Shangazi. Ndivyo ulivyonifundisha."

Fundi Taa alikuwa anatazama mawingu kwa bidii ya mtu aliyeambiwa asipumue. Masikio yake yalikuwa yameiva. Dada alipitisha kidole pale ambapo kivuli hukutana na mguu, mara ya kwanza kama fundi, mara ya pili si kama fundi, halafu akakunja uso.

"Hiki kimeshonwa leo," akasema. "Tena kimeshonwa saa sita ya mchana."

Shangazi akasahau ugomvi, akainama naye. Kazi ni kazi. "Saa sita? Nani anashona saa sita?"

Niwaeleze, ingawa wakati ule nilitamani sana kuwa mahali pengine. Saa sita ya mchana jua huwa utosini na kivuli huwa kifupi. Ukikishona wakati huo lazima uache uzi wa ziada, upana wa vidole vinane, maana jua likiinama kivuli kitataka kurefuka. Usipoacha, kitavuta, kitavuta, mwisho kitarudi nyuma kwa nguvu. Mtu asiye fundi hawezi kujua hilo. Fundi hawezi kulisahau.

"Hapa hapana hata kidole kimoja," Dada akasema. "Kivuli hakikukataa. Kimefungwa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha tano, na nikaona ni wakati mzuri wa kukichunguza. Kilikuwa na maua ya bluu. Mazuri sana.

"Nani ameshona?" Shangazi akauliza.

"Mimi," Fundi Taa akasema.

"Wewe?"

"Kilichomoka nikiwa juu ya ngazi. Nikaona nisiwasumbue siku ya leo. Nikajishonea."

Hakujua alichokisema. Kwa watu wetu, anayekuja ukutani na kivuli alichojishonea mwenyewe ni sawa na mtu anayekuja kwenye mtihani na majibu kwenye soksi. Hapewi nafasi ya pili, wala hasikilizwi.

Shangazi akanyooka. "Kumbe ulikuja kutudanganya. Chukua ngazi yako. Toka, na usirudi hapa hata kikichanika vipande mia."

Fundi Taa akamtazama Dada. Kisha, kwa muda mfupi sana, akanitazama mimi, si kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Akaichukua ngazi.

"Ngoja," Dada akasema. Akaenda kwenye meza ya kukatia, akachukua mkasi wake, kastabini yake na kibweta chake cha sindano, akavifunga kwenye kitambaa. "Tunatoka wote."

"Ukitoka na huyo," Shangazi akasema, "ukitoka na huyo, mlango huu usahau!"

"Nitausahau. Mimi si wa kuozwa na mlango wala ukuta. Mmenipimia maisha yangu kwa chokaa, kwa saa, kwa ukoo wa taa na ukoo wa giza. Inatosha. Nimempenda mtu, na mtu huyo ana vidole kumi na masikio mawili, na nitaondoka naye kwa miguu yangu mchana kweupe, watu wote wa mtaa huu wakiona."

Haikutakiwa iende hivi.

Alifika mlangoni, akasimama. Akamgeukia Fundi Taa. "Wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ulijishonea kwa mkono wa kulia?"

"Ndiyo."

"Mshono ule umelala upande wa kushoto."

Akageuka polepole. Katika nyumba yetu anayeshona kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu, na wakati huo alikuwa ameshika kikombe chenye maua ya bluu kwa mkono wa kushoto. Nikakihamishia kulia. Nikajimwagia chai yote.

"Mtoto amekosea tu," Fundi Taa akasema haraka. "Nilipita saa sita, nyote mlikuwa ndani, akanishonea yeye. Nilimharakisha. Kosa ni langu."

Ulikuwa mlango wa kutokea, mpana, umefunguliwa na mtu mwema. Nikaupitia bila haya. "Ndiyo," nikasema, "nilikosea saa."

"Maskini," Shangazi akasema, "mtoto mwenyewe hana hata..."

"Kiroboto," Dada akasema. "Kanuni ya saa sita inasemaje?"

Nikasimama wima kama darasani. "Cha saa sita kiachie vidole vinane."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Ukiwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Umewahi kuisahau?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimewadanganya matroni watatu na mwalimu wa zamu mmoja bila kupepesa jicho. Lakini Dada alikuwa mlangoni na kifurushi chake mkononi.

"Sijawahi," nikasema.

"Basi sema."

"Nilijua. Aliponyoosha mguu aliniita shemeji, akaniuliza kama bweni letu lina taa nzuri, na mimi nikavuta uzi mpaka mwisho. Nilitaka kivuli kikukatae. Nilidhani ukikataliwa utalia siku mbili, halafu utabaki. Sikujua ukikataliwa utapigana."

"Nibaki ili iweje?"

"Siku ya kutembelewa." Sauti ilikuwa imekwenda likizo bila ruhusa. "Wenzangu wanakuja mama zao. Mimi unakuja wewe, kwa basi la kwanza, una nyuzi kichwani, na unapanga foleni pamoja na wale wamama kama na wewe ni mmoja wao. Ukiolewa utakuja na yeye. Mwaka mwingine utakuja na mtoto. Halafu utaandika barua, Wapendwa, mwaka huu hatutaweza."

Baba akaanza kuondoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kola ya shati. Hatukuwahi kuona jambo hilo mchana.

"Mpe kisu kidogo," akasema. "Afumue alichoshona."

Dada akaweka kifurushi chini, akaja mpaka mbele yangu, akanishika kidevu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nitaondoka, Kiroboto. Ushone vivuli vya dunia nzima, nitaondoka. Na siku ya kutembelewa nitakuja. Hayo ni mambo mawili. Usiyashone pamoja."

"Sawa."

"Na umwombe msamaha."

"Nisamehe," nikamwambia Fundi Taa. Nikaona haitoshi. "Nisamehe, shemeji."

"Yameisha," akasema. "Ila fumua pole pole."

Nikalala kifudifudi sakafuni, kisu kidogo mkononi, machozi yakinidondokea puani, nikaanza kukata mshono mmoja baada ya mwingine. Juu yangu Shangazi alikuwa amepata nguvu mpya.

"Akimaliza, wasimame tena," akasema. "Hatua saba. Tuone sasa kitasemaje."

"Hapana," Dada akasema.

"Hapana nini? Kivuli kilifungwa, sasa kinafunguliwa. Kitapanda!"

"Hata kikipanda. Hatuuombi tena." Akamshika Fundi Taa mkono mbele ya watu wote, vidole ndani ya vidole, akamgeuza kuelekea jua, ukuta ukabaki nyuma yao. "Na nyote geukeni. Baba, tafadhali. Shangazi, na wewe. Leo hakuna atakayeangalia ukutani. Mimi nimekubali, yeye amekubali, na nitaolewa bila ruhusa ya chokaa."

"Toba!" Shangazi akasema. "Miaka yote hii ya desturi!"

"Geuka, dada yangu," Baba akamwambia, akamshika bega. "Na mimi siku ile sikuangalia. Nilikuwa namwangalia yeye."

Shangazi akageuka, akinung'unika, nusu mgongo, kisha mgongo mzima. Wakasimama wanne, nyuso zao juani.

Nikaukata mshono wa mwisho. Kivuli kikaachia, kikapita juu ya mkono wangu, baridi kama maji ya kisima, kikaondoka mbio.

"Kiroboto," Dada akaita, bila kugeuka. "Macho yako yako wapi?"

"Kwenye kisigino."

"Kiroboto."

Nikafuta pua.

"Nimeuliza yako wapi."

"Ukutani," nikakiri. "Nimeangalia. Nimeona yote."

"Niambie mimi," Shangazi akanong'ona. "Njoo uniambie sikioni."

"Usimwambie mtu," Dada akasema. Nilimwona anatabasamu, kwa upande, kule kwenye jua. "Hata mimi."

Sikumwambia. Na ninyi mnaosoma msinitolee macho. Nimekiri kwamba niliangalia. Hayo ndiyo yote mtakayoyapata kwangu.